Mukwai, Toka Mkekani!

Mwenye mbwa ndiye ampaye jina. Mimi kazi hiyo niliwaachia watoto, na tangu siku hiyo sina tena uso wa kuwaangalia wazee wa Nchelenge.

Tulifika kambi ya wakimbizi ya Kenani, wilayani Nchelenge nchini Zambia, mwishoni mwa mwaka 2017 tukitokea upande wa Pweto, Kongo, mizigo yetu ikiwa sufuria mbili, godoro nusu na mapacha wa miaka minne. Kwetu Waluba, mapacha hawatafutiwi majina, wanazaliwa nayo: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Labda ndiyo maana hao wawili walikuwa na hamu kubwa ya kumbatiza mtu. Basi siku ya tatu, pale kambini, akaja mbwa wa rangi ya udongo, mbavu zinahesabika, akajilaza mlangoni pa turubai letu kama mwenye nyumba anayesubiri kodi.

Watoto walikuwa wameshagundua jambo moja. Wenyeji wanaozungumza Kibemba hawamalizi sentensi bila kumtaja fulani: "Mwaiseni mukwai," karibuni, "Natotela mukwai," asante. Wakaona huyu Mukwai lazima awe kipenzi cha wote, kwa kuwa hakuna asiyemtaja. Wakampa mbwa jina lake.

Jirani ndiye aliyetufumbua macho. Mukwai si mtu; ni neno la heshima, ni bwana, ni bibi, ni naam. Ilikuwa kama mtu wa Lubumbashi kufuga mbwa na kumwita Mheshimiwa. Mke wangu alitaka jina libadilishwe kabla jua halijatua. Nikajaribu "Simba". Mbwa akageuka, akatazama nyuma yake kama kweli kuna simba.

Januari 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa, na zamu yetu ya kuhama ilipofika tukapanda lori. Karatasi yetu iliandika watu wanne, mbwa hayumo. Mapacha wakamfunika blanketi. Karani akapanda kuhesabu vichwa, akaona blanketi linapumua.

"Huyo nani?"

"Mukwai," akajibu Kyungu.

"Naam, nauliza, huyo nani?"

"Mukwai!" wakajibu wote wawili.

Karani akanigeukia, akanipongeza kwa kulea watoto wenye adabu, akashuka. Mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye viatu vyangu.

Mantapala nikatambua tatizo jingine: mbwa yule hajui Kiswahili. Na mimi Kibemba changu kiliishia kwenye salamu. Nikimwambia "Kaa chini," anawatazama watoto. Kabange anamwambia "Ikala panshi," anakaa. Mapacha walikuwa wamejifunza Kibemba mchangani pamoja na wenzao wenyeji, kwa hiyo nyumbani kwangu amri zote zilipitia kwa wakalimani wa miaka minne, nao walitafsiri walichopenda. Nilisema "Mwambie atoke ndani". Wakazungumza naye kwa muda mrefu, kisha mbwa akapanda godoroni. "Amesema anaumwa mguu," nikaambiwa.

Nilimkubali kwa ajili ya ulinzi. Nilikuwa nimenunua beseni la chisense soko la Kashikishi, wale dagaa wadogo wa ziwa Mweru, kwa kuwa tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa na mwenye akiba ndiye mwenye mboga. Nikawaanika mkekani, nikamweka mlinzi. Saa mbili baadaye mkeka ulikuwa na upara katikati. Nikatoka mbio nikipiga kelele, "Mukwai, toka mkekani, mwizi mkubwa wewe!"

Pembeni ya mkeka alikuwa amesimama mzee mmoja wa kijiji cha jirani, kofia mkononi, amekuja kutusalimu.

Nilipiga magoti, nikaomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kifaransa kidogo. Wakati huohuo mbwa akatokea nyuma ya nyumba, mapacha wamemshika shingo, mmoja kila upande, midomo yote mitatu ikinuka samaki. Ndio walioiba, konzi moja yao, konzi moja yake. Mzee alicheka hadi akaketi mkekani. Mpaka leo akinikuta njiani huniuliza, "Mukwai mwenzangu hajambo?"

Ulinzi ulimshinda, lakini kazi nyingine aliishika bila kuagizwa. Kitinda mimba wetu, aliyezaliwa Mantapala, alijifunza kusimama kwa kushika masikio yake. Mbwa alisimama tuli kama nguzo, macho yamefumbwa nusu, hadi mtoto apate miguu. Akichoka hakunguruma, aligeuza uso, akapiga miayo, akajilamba pua. Mke wangu alizisoma dalili hizo mapema. "Mbwa ameomba ruhusa," husema, na watoto humwachia. Na akiwa anakula hakuna mkono unaomsogelea, kwa kuwa mpole naye ana tumbo.

Kisha ikaja siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mganga wa mifugo alieleza kwa Kibemba kwamba karibu kila mtu anayekufa kwa ugonjwa huo ameupata kwa mbwa, kwamba watoto ndio wanaong'atwa zaidi, na kwamba jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha mtu akimbilie zahanati bila kungoja. Wakalimani wangu walimweleza mbwa kwanza. Baba alifuata baadaye, kwa ufupi.

Mapacha wakamshika mguu mmoja kila mtu. "Sisi pia tulichomwa," wakamwambia, "ukilia si aibu." Mimi nilipewa kichwa. Sindano ilipotokea nilifumba macho, nikarudi nyuma hatua moja, nikakalia ndoo ya maji ya mganga. Mbwa hakulia. Alinilamba uso.

"Jina la mbwa?" mganga akauliza, kalamu tayari.

"Mukwai."

"Naam bwana, jina la mbwa?"

Mazungumzo hayo yalitufikisha jioni. Lakini kadi iliandikwa: jina, Mukwai, makazi, Mantapala. Hakuna mstari uliouliza ametoka wapi na atarudi lini. Katika nyumba yetu ndiyo karatasi pekee ya namna hiyo, na Kyungu ndiye anayeitunza.

Nawe msomaji mwenye mbwa na watoto, usikose siku ya chanjo. Na jina, tafadhali, chagua mwenyewe.