Kona ya Mama Mkwe

Waya mnene kuliko wote wa gita la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na katika joto la Lamu wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa karibu mita 8 na nusu. Msana wetu wa juu, yaani chumba chetu kirefu chembamba, haufiki urefu huo, na upana wake ni mita 2 na nusu tu, kwa sababu waliojenga nyumba hizi za mawe walifuata urefu wa boriti za mikoko. Mtu anayetaka kuitoa sauti hiyo kwa pembe, yaani kwa mfereji unaoanza mwembamba kwenye koo na kutanuka hadi mdomoni, anahitaji mdomo ambao mzunguko wake unalingana na wimbi zima. Nilipopiga hesabu kwa mitetemo 40 kwa sekunde, mdomo ulitoka mita 6 za mraba. Huo ni karibu ukuta mzima wa mwisho wa msana.

Kinachookoa ni kona. Ukiiweka pembe sakafuni, mdomo wa nusu unatosha. Ukiisogeza ukutani, robo. Ukiisukuma konani, unahitaji sehemu moja ya nane tu, kwa kuwa sakafu na kuta mbili zimekuwa mbavu za pembe yenyewe. Paul Klipsch, Mmarekani wa mji wa Hope, jimbo la Arkansas, alilishika wazo hili miaka ya 1940 akaunda pembe ya konani iitwayo Klipschorn, na mafundi wa nyumbani wamekuwa wakijifunza kwake tangu hapo. Kwa hesabu ya kona, mita zangu 6 za mraba zilishuka zikawa robo tatu ya mita ya mraba.

Lakini kona lazima iwe kona kweli: kuta mbili nzima, zisizo na mlango, dirisha wala zidaka (vishubaka vya ukutani) karibu. Niliizunguka nyumba yote na futi mkononi. Kona ya namna hiyo kwetu ni moja, na hapo ndipo kilipokuwa kimesimama kitanda cha samadari cha mama mkwe.

Nyumba ni yake. Alipewa na babake alipoolewa, kama ilivyo desturi ya mji wetu, na mimi ndiye niliyehamia. Miaka yote niliyokaa humo sikuwahi kumwambia Mama asogeze hata kiti. Nilianza kwa mke wangu, nikamweleza kwa nini nataka pembe na sitaki kasha la kawaida. Muziki wetu unategemea sola na betri, na amplifaya yangu haizidi wati 10. Spika ya kawaida hugeuza kama asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, kwa sababu koni inapiga hewa na hewa inaikwepa, kama kasia lenye bapa jembamba linalopita majini bila kuisukuma mashua. Pembe huizuia hewa ile isikimbie. Koni inasukuma kitu kizito kilichofungiwa kooni, na uzito huo unapokezwa pole pole hadi mdomoni, ukawa sauti. Kazi inayopatikana ni mara kumi na zaidi kwa umeme ule ule. Ndiyo maana vinanda vya santuri vya zamani viliweza kuimba bila umeme wowote, kwa sindano na pembe tu.

Mke wangu alilipeleka ombi baada ya chai ya alasiri.

"Mama, Baba Watoto ana neno, anaona haya kulisema."

"Na alinene. Si mtoto."

Nilisema. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akauliza urefu, akauliza upana, akauliza kama kitu hicho kinatoa moto. Kisha akasema, "Kitanda kitasogea, mwanangu. Lakini kona yangu ni safi na yanukia. Nitaidai hivyo hivyo."

Plaiwudi zilivuka kutoka Mokowe kwa mashua. Bamba la futi 8 kwa 4 halipindi kwenye vichochoro vyetu likiwa limelala, na punda hawezi kulibeba, kwa hiyo mahamali walizisimamisha vichwani moja moja. Ngazi nazo zilizikataa, zikapandishwa kwa kamba kupitia kiwandani, yaani ua wa ndani. Majirani walisaidia kuvuta na hakuna aliyeuliza ni za nini hadi zote zilipofika juu.

Fundi niliyemtaka ni mjenzi wa majahazi wa Matondoni. Nilimtaka yeye kwa sababu pembe ya besi ni kazi ya mkunjo na ya kuziba, na watu wa majahazi wamezaliwa na hayo mawili. Nilimwandikia namba kwa chaki kwenye ubao. Kooni sentimita 265 za mraba, yaani nusu ya eneo la koni ya spika yangu ya inchi 12. Kila sentimita 48 za safari eneo linazidi mara mbili: 530, 1060, 2120, 4240, hadi mdomoni 7500. Jumla ya safari ni mita 2 na sentimita 30 hivi, iliyokunjwa nyuma ya spika ili iingie konani. Mawimbi marefu hayajali kukunjwa. Yanayojali ni mafupi, na hayo, kuanzia mitetemo 400 kwenda juu, yataachiwa spika nyingine.

Fundi alizitazama zile namba kwa muda mrefu. "Maalim, hapa ndipo tezi au omo?"

"Koo ndiyo omo."

Akachukua ufito, akaupinda sakafuni kwa misumari mitatu, akasogeza msumari wa kati mpaka akaridhika. Nilipopima, mkunjo wake ulipishana na hesabu yangu kwa unene wa kidole, na penyewe ni karibu na mdomo ambapo kidole hakina madhara. Mkunjo ambao mwanafizikia Arthur Gordon Webster aliuandikia hesabu yake mwaka 1919, mtu huyu alikuwa nao mikononi. Sijaona hesabu ikipata shahidi mzuri kuliko huyo.

Kona nayo ilikuwa na lake. Tulipima sentimita 60 ukuta huu na 80 ukuta ule, na kamba ya katikati, ambayo ingekuwa 100 kamili kama kona ni mraba, ilizidi. Kuta za matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita, zilizopakwa chokaa kizazi baada ya kizazi, zina matumbo yake. Fundi aliegemeza kila ubao ukutani, akapitisha kalamu iliyofungwa kwenye kipande cha mti, akaukata ukingo kwa kuufuata ukuta. Nawaonea huruma wanaojenga pembe hizi kwenye nyumba zenye kuta za mbao nyembamba, ambazo hutetema pamoja na besi na kula sehemu yake. Ukuta wa Lamu hausogei. Katika kazi hii, ukuta mzito ni nusu ya mali.

Kilichobaki ni kuziba. Nyuma ya spika kuna chumba kilichofungwa, cha kwetu ni lita 36, na ukubwa wake una kazi: hewa iliyobanwa humo inasawazisha uzito wa hewa iliyo kooni. Tundu dogo tu likibaki, chumba kinapumua na besi inafifia. Nilimweleza Fundi hivyo asubuhi, nikaenda shule kusomesha.

Fundi akaziba kwa njia anayoziba chombo kinachokwenda baharini. Alikalafati viungo vyote kwa pamba iliyoloweshwa sifa.

Asiyeijua sifa ni vigumu kumweleza. Ni mafuta ya ini la papa, na harufu yake haitoki kwenye nguo kwa kufua mara moja. Niliisikia nikiwa bado kichochoroni. Ndani, mke wangu alikuwa amefungua kila dirisha. Mama ameketi mlangoni mwa ndani na mtandio puani, hasemi. Fundi anakusanya patasi zake kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri, na kwa upande wa upepo alikuwa amemaliza vizuri hasa.

Kabla ya magharibi wakaja paka. Paka wa Lamu wanajulikana, na harufu ya papa kwao ni mwaliko. Wawili walifukuzwa na binti yetu. Wa tatu, wa kijivu, aliingia kupitia upande wa kushoto wa mdomo, akazunguka mkunjo wa kwanza na wa pili, akafika pale mfereji unapokuwa mwembamba, akatulia. Tulimsikia akikwaruza. Fundi alitaka kufungua ubao wa nyuma, ambao ndio kwanza ameuziba. Binti yetu alilia kwamba paka atakufa humo.

"Hatokufa," Mama akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu alasiri. Alikwenda jikoni, akarudi na kichwa cha changu kilichokaangwa, akakiweka mbele ya upande wa kulia wa mdomo, akatuambia sote tutoke. Paka alitoka baada ya sala ya isha, na kwa makucha yake alitoka na uzi mrefu wa pamba. Kalafati yote ya mkunjo wa pili ilikuwa imeng'oka.

Basi ikafanywa upya. Mbao zilisuguliwa kwa maji moto, sabuni na ndimu, pamba mpya ikaloweshwa gundi nyeupe ya mbao badala ya mafuta, na ukingo unaogusa ukuta ukawekewa tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa. Harufu ilipungua, haikwisha. Mama alikuwa ameidai kona inayonukia, kwa hiyo akaja na chetezo, akatia udi, akakisukuma ndani ya mdomo wa pembe. Moshi ukajaa mfereji mzima. Kisha tukauona ukichomoza, uzi mwembamba, juu ya ukingo wa ukuta wa kushoto, mahali ambapo mikono yangu na ya Fundi ilikuwa imepita ikiamini pamezibwa. Fundi akaweka alama kwa kalamu. "Mama ametupata," akasema, akaenda kuleta tyubu nyingine. Tangu hapo udi ndio kipimo chetu.

Tulipowasha, nilianza na sauti moja moja kutoka kwenye programu ya simu, nikipanda taratibu kutoka mitetemo 35. Saa ile ndipo nilipojifunza vitu vya nyumba yetu. Kila kitu kina mtetemo wake kinaoujibu. Kioo cha kabati kilijibu karibu na 70, kifuniko cha sufuria la shaba karibu na 110. Kwenye 52, sahani za kaure ndani ya zidaka, urithi wa bibi yake Mama, zikaanza kusogea kuelekea ukingoni. Mke wangu aliikamata ya kwanza kwa mikono miwili. Nilizima. Juma lile alishona duara za kitambaa kinene, moja kwa kila sahani, na sahani hazijasogea tena.

Mama aliomba kwanza Siti binti Saad, zile nyimbo alizorekodi Bombay mwaka 1928. Pembe ilinyamaza karibu nyimbo zote, kwa kuwa santuri zile hazina besi ya kuitoa. Mama alinitazama. Nikaweka Culture Musical Club ya Unguja, wenye fidla kubwa inayosimama sakafuni, na noti ya kwanza ilipotoka konani alikaa wima.

"Huyu mtu yuwapi siku zote?"

"Yumo tangu zamani, Mama. Redio ndiyo haikumleta."

Akasikiliza kaseti nzima akimfuata yeye tu, kidole chake kikigonga godoro la kitanda cha samadari pale kilipohamishiwa, chini ya dirisha.

Mpwa wa mke wangu alipokaribia kuolewa, wanawake wa ukoo walitaka pembe ihamishiwe kwao kwa usiku wa taarabu. Nilieleza kwamba haiwezekani, maana kinachobebeka ni kasha, na kuta na sakafu zinabaki hapa. Mama akakata shauri: waje wao. Wakaja, msana ukajaa, wanaume tukatolewa. Nilikaa na Fundi dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, mlango ukiwa wazi nusu, besi ikitufikia safi kutoka juu. Kwenye wimbo wa tatu nikasikia kitu kigeni kikitetema, chuma chembamba, karibu na 60. Sikukijua. Fundi naye alikuwa ameinua kichwa. Nilimwita binti yetu akaangalie, akapanda mbio, akarudi.

"Ni sinia la halua, Baba. Bibi amesema liachwe."