Jinsi ya Kutumia Neno "Bonasi" Ukiwa Kebirigo

Ukishuka Kebirigo, Nyamira, na kamusi ya Kiingereza, iache kwenye matatu. Kwenye kamusi hiyo bonasi ni nyongeza anayopewa mtu juu ya haki yake. Huku kwenye chai, bonasi ni haki yenyewe iliyochelewa: unapeleka majani mabichi kituoni, unalipwa sehemu ya bei kila mwezi, na salio unalisubiri kiwanda kifunge hesabu za mwaka mwezi Juni, lije kulipwa kama Oktoba hivi. Ukilipata, shukuru kama mtu aliyezawadiwa. Ndiyo adabu.

Anza na kalenda. Usiseme Oktoba, sema bonasi. Harusi ni baada ya bonasi, mabati ni bonasi, na kuna watoto waliozaliwa "bonasi ile mbaya".

Ila neno hili hasa limeumbiwa duka. Agiza unga na sukari, kisha kodolea macho rafu ya juu. Mwenye duka atavuta daftari chini ya kaunta, alambe kidole, afunue kurasa polepole hadi kwenye jina lako.

"Baba, hii ya Machi bado."

"Si unajua ni bonasi, mama?"

Chunga usitaje mwaka; ukiutaja umejifunga. Akiguna, ongeza kwamba wanasema safari hii itakuwa nzuri. Hakuna atakayeuliza nani wanasema.

Tahadhari moja: usilitumie kujilinganisha na watu. Mkulima wa Murang'a au Kirinyaga kwa kawaida hupata bonasi nono kuliko ya Nyamira kwa kilo ileile, na yeye pia huchuma majani mawili na chipukizi. Ukiuliza sababu utaelezwa habari za ubora, na za mnada wa Mombasa, kwa sauti ya upole ya mtu anayemweleza mgonjwa. Itikia kwa kichwa. Ukiuliza tena utaambiwa usubiri mkutano wa wakurugenzi, na mbuzi wanakungoja nyumbani.

Siku pesa zikiingia, neno lifute kinywani. Simu ikilia meseji ya benki, isome ukiwa umegeukia ukuta, halafu pitia nyuma ya soko. Mwenye duka naye ana chai yake, kwa hiyo kiwango cha mwaka huu anakijua hadi senti. Mkigongana njiani, wahi wewe kuuliza:

"Mama, yako imeingia?"