Pongezi kwa Alama ya Asilimia

Anayeweka programu ya Home Assistant nyumbani huahidiwa kwamba taa zitajiwasha, pampu ya tangi itajizima na spika ya jikoni itamsomea saa. Ahadi ni ya kweli. Kisichosemwa ni kwamba kabla spika haijatamka saa, mwenye nyumba atakaa chini aandike kiolezo, na ndani yake apange tarehe na saa kwa herufi zilizotanguliwa na alama ya asilimia. Kazi hiyo imelaaniwa na wengi. Nashikilia kwamba inastahili sifa, na kwamba wanaoilaani hawajui neema waliyotunukiwa.

Neema yenyewe ni elimu. Katika mfumo huu %m ni mwezi na %M ni dakika. Anayezichanganya mwezi wa Agosti atasikia spika ikitangaza 19:08 kwa saa nzima bila kuchoka, na hatasahau tena kuwa herufi kubwa na ndogo hazina undugu. Kisha atafundishwa hesabu: kila hali ya kifaa huhifadhiwa kama maandishi, na kwa maandishi 9:30 ni kubwa kuliko 10:00, kwa sababu tisa inaipita moja na mashine haina haja ya kutazama zaidi. Jiografia inafuata. Muda wa badiliko la mwisho la kila kifaa hutunzwa kwa saa za UTC, hivyo mlango uliofunguliwa Mombasa saa 18:30 utaripotiwa 15:30 na kiolezo kisichokumbushwa Mombasa iko wapi. Hata historia haikuachwa. Anayechagua kanda ya saa ya Africa/Nairobi, ambayo Dar es Salaam nayo imefungwa humo kama kiungo tu, anabeba ndani ya seva yake kumbukumbu ya watawala wa kikoloni waliowahi kuamua kwamba Nairobi itangulie Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Na anayetaka falsafa atakutana na Python, lugha iliyoandikiwa programu hii, ikikataa katakata kulinganisha muda unaojua kanda yake na muda usioijua. Chuo gani kinatoa masomo yote hayo kwa mtu aliyetaka tu taa ya baraza iwake jioni? Kuhusu fadhila nyingine, kama kuokoa umeme kwa kuwa taa haikuwaka, na kuinyoosha miguu familia kwa safari za kwenda kwenye swichi, sina haja ya kurefusha.

Lakini elimu hii ina lugha moja ya kufundishia. Ukiomba jina la siku kwa %A, unapewa Wednesday, hata kama nyumba nzima inazungumza Kiswahili na umeiambia programu hivyo. Dawa inayopendekezwa ni kuandika majina saba kwa mkono, Jumatatu hadi Jumapili, kisha kuyachagua kwa namba. Namba ipi? Python ina hesabu inayoanza na sifuri Jumatatu, ilhali %w inaanza na sifuri Jumapili. Ukianzisha orodha yako na Jumapili na kuichagua kwa hesabu ile ya kwanza, spika itakuhakikishia siku ya Ijumaa kwamba leo Alhamisi, na watu wanatoka msikitini. Ukitaka saa ya Kiswahili, ambayo saa moja yake ni 07:00, chukua saa ya mashine, ongeza 5, gawanya kwa 12, shika baki, ongeza 1. Hiyo ni kwa saa tu. Asubuhi, mchana, jioni na usiku ujipangie mwenyewe. Hii si elimu tena. Ni usumbufu.

Nitajibiwa kwamba hata kwetu tiketi za ndege na ratiba za treni hutumia saa 24, kwa hiyo nyumba nayo ijifunze. Tiketi husomwa kwa macho. Nyumba inasema na watu, na hakuna anayemwambia mwanawe akaoge saa kumi na tisa. Nitajibiwa pia kwamba utaratibu huu wa asilimia ulirithiwa kutoka lugha ya C, na viwango vyake ni vya mwaka 1989. Ndiyo, lakini umri wa kosa haujawahi kuwa utetezi wake. Majina ya siku na miezi ya Kiswahili yamo katika hazina ya CLDR ya Unicode, maktaba ya Babel huyasoma kwa ajili ya Python, na simu iliyo mfukoni mwa mwenye nyumba huandika Jumatano bila kubembelezwa.

Hoja iliyo nzito ni hii: Home Assistant ni programu huria, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na watu wanaojitolea, nao hatuwadai. Nakubali, tena kwa shukrani. Wanaodaiwa ni wale waliolipwa. Watengenezaji wa vifaa walikuwa na kiwango cha ISO 8601 mezani tangu 1988, ikiwaambia waanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Bado mmoja hutuma sekunde tangu 1 Januari 1970, mwingine hutuma milisekunde bila kusema kuwa ni milisekunde, na wa tatu huandika 03/04 akiamini dunia nzima hutanguliza mwezi kama Marekani. Ukizigawanya kwa elfu sekunde zisizohitaji kugawanywa, friji iliyotoka kiwandani juzi itaripoti kuwa mlango wake ulifungwa mara ya mwisho Januari 1970. Saa moja ambayo mhandisi wao angeitumia kuandika tarehe vizuri wameiokoa wao, na kila mnunuzi ameilipa upya nyumbani kwake, usiku, baada ya kazi. Basi sifa zote nilizotoa hapo juu ziwafikie hao, maana ndio walioieneza elimu hii bila kuombwa, na ada yake wakaijumlisha kwenye bei ya kifaa.