Bugali ya Dola 12

Kwa kawaida siku ya kuzaliwa ya Shangazi inaliwa nyumbani: kuku, sombe, kreti ya bia ya Primus uani. Alipotimiza miaka 60, binti zake walisema nyumbani ni kwa kila mwaka, safari hii tumpeleke kwa Mtaliano mmoja anayepikia watu hapa Goma. Meza iliagizwa ya watu 6. Lakini nani amewahi kumwalika Mgoma peke yake? Unamwalika pamoja na mkwewe, jirani yake, na mtoto aliyekutana naye njiani. Saa moja jioni tulikuwa 11, na binamu wawili walikuwa wakipiga simu wakiwa juu ya pikipiki, wakiuliza kama supu imeisha. Mhudumu, kijana mpole mwenye tai, aliunganisha meza mpaka ya mwisho ikaziba mlango wa choo.

Tulikuwa tumemwekea Shangazi kiti cha heshima mbele ya tanuri ya kuni, amwone mpishi akitupa na kudaka unga wa pizza. Akakataa.

“Hapana, mutoto wa kaka yangu. Miye nilishakimbia moto mara mbili, sitakaa mbele yake nikiusubiri.”

Haki yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikaondoka na duka lake la vitenge. Mei 2021 mlima ulipolipuka tena, alitembea mpaka Sake na godoro kichwani. Nikamtuliza kwamba pizza yenyewe asili yake ni Napoli, mji unaolala karibu na volkano ya Vesuvio, na Vesuvio haijalipuka tangu 1944.

“Kwa hiyo imekawia,” alisema. Tukamhamisha.

Orodha ya vyakula ilikuwa kwa Kiitaliano, Kifaransa kikijificha chini yake kwa herufi ndogo. Shangazi aliipitia yote bila miwani, akamrudishia mhudumu.

“Mutoto wangu, bugali iko wapi?”

Meza za jirani zilicheka. Mhudumu hakucheka. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja: polenta, dola 12. Na kweli, polenta ni unga wa mahindi na maji ya moto, basi. Ndiyo iliyowashibisha maskini wa kaskazini mwa Italia tangu mahindi yalipowafikia kutoka Amerika, kama yalivyotufikia na sisi. Shangazi aliagiza. Kisha akaomba maji ya kunawa, na kijana wa watu, kwa heshima zote, akafungua chupa ya maji ya madini, ambayo tulikuja kuikuta kwenye bili.

Ikaja kwenye sahani pana, rojorojo, na uyoga na jibini juu. Jibini aliitambua kwa tonge la kwanza: “Hii fromaji ni ya Masisi. Mukwe wangu anaiuza.” Akataja bei ya mkwewe kwa sauti. Unga ndio uliomhuzunisha. Hawakuusonga, alisema, waliukoroga tu wakachoka. Mpishi akaitwa. Shangazi akasimama, akashika mwiko wa hewani, akamwonyesha jinsi bega linavyoingia kazini. Mpishi alitikisa kichwa muda wote, huku akirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea jikoni.

Balaa lenyewe lilikuja na keki. Binti zake walikuwa wamepatana na mhudumu kwamba taa zizimwe, keki iingie na mishumaa, tuimbe. Mpango mzuri sana, kwa mji ambao umeme haukatiki. Taa zilipozimika hakuna aliyeshtuka wala kuimba. Simu zote ukumbini ziliwashwa tochi, mazungumzo yakaendelea palepale yalipokuwa, na bwana mmoja wa meza ya dirishani akapaza sauti: “Muwashe jenereta!” Mtu wa jenereta, ambaye hakuwa ameambiwa chochote, akatii. Taa zikamkuta mhudumu katikati ya ukumbi na keki mikononi, mdomo wazi, wimbo haujaanza.

Binamu wa pikipiki wakaona saa yao imefika. Kwetu mwenye siku yake humwagiwa maji, nao walikuwa wameficha kidumu cha lita 5 chini ya meza. Shangazi, ambaye hakufikisha miaka 60 kwa bahati tu, aliinama. Maji yakampata mhudumu, keki na mishumaa.

Bili ililetwa na kijana huyohuyo, tai ikichuruzika. Hii ilikuwa kabla ya mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga. Dola zilikuwa bado zinapatikana. Lakini dola kwetu ina madaha. Franga utalipa hata ikiwa imechanika ikabandikwa; dola ikipasuka pembeni kiasi cha ukucha, haina mwenyewe. Mhudumu aliziinua moja moja kwenye mwanga. Zote zilipita isipokuwa ya 20, yenye mpasuko ambao hata waliochapisha noti hiyo wangehitaji miwani kuuona. Mezani, wengi walikumbuka simu za kwenda kupiga nje. Shangazi alisema yuko tayari kulipa polenta kwa unga.

Aliyetuokoa ni yule bwana wa dirishani aliyeitisha jenereta. Aliichukua ile noti, akaipapasa: kumbe ni mbadilisha pesa wa kando ya barabara. Akatupa dola 17 safi. Kisha akavuta kiti, akawa mgeni wetu wa 14, na kumwuliza Shangazi kama ile keki yenye maji ina mtu.