Deki Bila Meli

"Msikanyage! Nimepiga deki!" Haya, sote tukainua miguu kama watoto. Hoteli yenyewe ya chai iko kando ya barabara kuu ya Lodwar, vumbi huingia bila hodi, na dada wa watu anasugua saruji kwa nusu ndoo ya maji ya kununua. Likipita lori moja tu la Kakuma, sakafu itarudi kuwa jangwa. Nkt! Kazi ya bure.

Ila si kazi iliyonikera, ni hilo neno. Deki ni ya meli, jamani! Mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakipiga magoti kuisugua huku maji ya bure yamewazunguka pande zote. Likashuka bandarini bila meli yake, sisi tukachukua kusugua tu. Sakafu ya chombo ya nini, na sitaha tulishaipata kwa Waarabu?

Mwalimu mstaafu wa hapa kijiweni, ambaye hanyamazi ila akiwa na chapati mdomoni, anasema hata Waingereza waliliokota kwa Waholanzi, miaka ya 1400, likimaanisha kifuniko. Kwa aliye chini ni paa, kwa aliye juu ni sakafu. Na sitaha nayo, kwa Kiarabu, ni paa! Kwa hiyo inategemea umelala wapi. Muulize mtoto wa bweni aliyepewa kitanda cha chini cha dabo deka, na mwenzake wa juu ni kikojozi.

Shakespeare naye aliliita rundo la karata deki, tumwache. Pale Kakuma, kambi iliyoanza 1992, mtu wa makamo ukimtajia deki atakumbuka mashine ya kanda za video, watu wamebanana kibandani na jenereta inakohoa nje. Vijana wana maana yao nyingine, hiyo siiandiki. Mama yangu husoma.

Sasa nenda Kalokol, ziwani, kwenye maji hadi macho yachoke. Mashua za wavuvi ni wazi, mbao na mbavu tu, samaki na miguu ya mvuvi pamoja. Wazee wao waliingia majini kwa magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja, makalio juu, mamba chini. Deki utaipiga wapi hapo? Chombo kikivuja, maji yanafuliwa kwa kopo na kurudishwa ziwani. Wenye maji hawana deki, wenye deki tunapimiwa maji kwa mtungi. Tatizo ni nani?

Usidhani imeishia hapo. Maofisa wa mashirika nao wana deki yao. "Nitumie deki kabla ya mkutano," ndivyo wanavyoombana zile slaidi za kompyuta. Juzi bodaboda mmoja alipeleka mgeni kwenye mkutano kama huo Kakuma, akachungulia dirishani. Mada: uhaba wa maji. Slaidi ya kwanza, mama kachimba shimo kwenye mchanga wa mto mkavu, anachota kwa kikombe. Na mlangoni, anasema, kulikuwa na kibao cha njano cha kuonya watu wasiteleze, vigae vyote vimelowa chapachapa.

Nkt!