Mafunzo ya Mbwa na Kasoro za Mwenye Mbwa

Mafunzo ya mbwa ni kumzoeza mnyama ahusishe ishara na tendo, na tendo na kile kinachofuata baada yake. Kanuni zake ni chache na hazina ugumu. Ugumu uko kwa binadamu, ambaye humfundisha mbwa mchana kutwa bila kujua kwamba anafundisha, kisha jioni akitaka kumfundisha kwa makusudi hukuta mbwa ameshahitimu mambo mengine.

Somo la kwanza mbwa hulipata bila mwalimu. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alikuwa akichunguza mmeng'enyo wa chakula tu. Mbwa wake wakamvurugia hesabu: walianza kudondosha mate kabla chakula hakijafika, kwa kumsikia tu mtu anayekileta. Mbwa wa nyumbani hufanya vivyo hivyo akisikia mfuniko wa sufuria au muungurumo wa gari la mwenye nyumba na, kwa bahati mbaya, akiona kamba. Katika nyumba nyingi kamba huonekana mara moja kwa mwaka, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwaka wa kwanza mbwa huja mwenyewe akitikisa mkia. Mwaka wa pili huiona kamba ikitoka stoo, akahamia kwa jirani, na mtaa mzima hushuhudia mtu mzima mwenye tai akiita, "Simba, njoo Simba, njoo baba," kwa upole ambao mbwa hajawahi kuusikia siku nyingine yoyote. Kufikia mwaka wa tatu, upole peke yake unatosha kumkimbiza.

Amri nazo zina matatizo yake. Kwa mbwa, neno ni mlio tu, na uzito wake unatokana na kinachofuata. Lakini nyumba moja huwa na wakufunzi kadhaa wasiowahi kukutana kikaoni. Baba husema "kaa", mama husema "hebu tulia hapo", watoto wanaosoma shule za Kiingereza huamrisha kwa Kiingereza, bibi huinua kandambili, na mlinzi hupiga mluzi. Mbwa husimama katikati, akimtazama kila mmoja kwa adabu. Isitoshe, ikiwa mtu hutoa amri mara sita ndipo ainuke kitini, mbwa huelewa kwamba tano za kwanza ni utangulizi.

Kinacholifanya tendo lidumu ni malipo. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio yake ya kuwafungia paka ndani ya visanduku, akionyesha kwamba tendo lililomfikisha paka kwenye chakula hurudiwa upesi zaidi kadiri siku zinavyokwenda. Mwanasaikolojia B. F. Skinner akaja kuonyesha jambo linalozihusu zaidi familia zinazokula pamoja: tendo linalolipwa mara mojamoja, bila mpangilio wa kutabirika, ndilo gumu zaidi kufutika. Sheria ya nyumba husema mbwa hapewi kitu mezani. Ila bibi humdondoshea mfupa siku akijisikia vizuri, mtoto asiyependa maini huyapitisha chini ya meza, na baba, timu yake ikishinda, hurusha finyango zima. "Huwa tunampa mara mojamoja tu," familia hujitetea mbele ya wageni ambao mbwa amewawekea kidevu mapajani. Hiyo mara mojamoja ndiyo ratiba ambayo Skinner mwenyewe angeichagua, kama angetaka mbwa aombe maisha yake yote.

Getini mambo ni hayo hayo. Muuza dagaa hupita akinadi, mbwa hubweka, muuza dagaa huenda zake. Alikuwa anaenda zake hata hivyo, lakini mbwa hakuambiwa. Kwa hesabu yake amemfukuza adui, na kesho atamfukuza tena. Mwenye nyumba anayetoka barazani akipaza sauti "Nyamaza! Nyamaza wewe!" huonekana kwa mbwa kuwa amekuja kuongeza nguvu.

Adhabu ndiyo sehemu ambayo wenye mbwa hujiamini zaidi na kukosea zaidi. Mbwa huunganisha adhabu na kile anachokifanya sekunde hiyo hiyo. Kiatu kilitafunwa saa nne asubuhi. Baba anarudi saa kumi na mbili jioni, anamwita mbwa, mbwa anakuja, anachapwa. Kilichoadhibiwa hapo ni kuitika. Baba hapingiki, kwani ushahidi anao: mbwa ameinamisha kichwa, masikio yamelala, macho yanakwepa. "Muone, anajua alichokifanya!" Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Alexandra Horowitz alilipima jambo hilo kwa mbwa 14. Wenyewe waliwakataza mbwa kula kitafunwa, wakatoka nje, kisha wakarudi wakiwa wameambiwa kama mbwa ametii au la. Wakati mwingine habari waliyopewa ilikuwa ya uongo. Sura ile ya hatia ilijitokeza zaidi mbwa alipofokewa, awe amekula au hajala, na waliofokewa bure ndio walioonyesha hatia kubwa zaidi. Mbwa husoma uso wa hakimu. Kesi yenyewe ameshaisahau.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa ni mwenye mbwa kujifanya kiongozi wa kundi, ale kwanza, apite mlangoni kwanza, amlaze mbwa chali kwa nguvu. Wazo hilo lilitokana na mbwamwitu waliofugwa, ambao Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. Mtafiti wa mbwamwitu David Mech alilisambaza katika kitabu chake cha mwaka 1970, kisha akawachunguza mbwamwitu wa porini, akakuta kundi ni baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 akachapisha masahihisho. Uongozi wa nyumbani, kwa vyovyote, huamuliwa jikoni. Baba ndiye aliyemnunua mbwa, akalipia chanjo na kujenga banda, lakini mbwa humtii dada wa kazi, kwa kuwa dada ndiye huja na ugali na vichwa vya dagaa. Wanandoa kadhaa wamelazimika kumpigia simu dada akiwa likizo kijijini, waweke sauti kubwa, amwambie mbwa atoke chini ya gari.

Kuna pia kanuni ya mtaani ya kumfanya mbwa awe mkali: kumfungia bandani tangu utotoni na kumtilia pilipili kwenye chakula. Pilipili humpa mbwa maumivu ya tumbo. Haimpi uwezo wa kutofautisha mwizi na mjomba. Kufungiwa ndiko kubaya zaidi. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mtoto wa mbwa huzoea viumbe na vitu atakavyoishi navyo, na asiyekutana na watu wakati huo hukua akiwaogopa. Ukali wake ni woga wenye meno. Mbwa wa aina hii humng'ata shangazi aliyekuja na mwavuli, na humpisha mwizi aliyekuja na nyama.

Njia iliyo bora haina siri. Anayeitafuta aende Morogoro, ambako shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Panya akifanya sawa husikia mlio mfupi wa kidude cha mkononi, kisha hupewa chakula. Magawa, panya aliyezaliwa hapo, alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kugundua mabomu Kambodia. Kwa mbwa mbinu ni hiyo hiyo: kipande cha nyama hupitishwa juu ya pua kuelekea nyuma, makalio yanashuka, neno moja linatamkwa, nyama inatolewa papo hapo. Panya wa Morogoro ana faida moja tu kumshinda mbwa: bibi hamtembelei kazini.

Kurekebisha zoea la zamani huchukua muda mrefu kuliko kufundisha jipya. Malipo yakikatwa, tendo kwanza huzidi, ndipo lipungue. Mbwa aliyenyimwa mfupa mezani hulia kwa sauti zaidi, hukwaruza viti, huvuta kitambaa cha meza. Familia iliyokubaliana kukaza roho humaliza jambo hilo baada ya muda. Nyingine hukaza siku mbili, na ya tatu mtu humrushia mfupa ili wengine wasikie taarifa ya habari ya saa mbili, na kuanzia hapo mbwa hubweka kwa kiwango hicho kipya.