Ratili 50 za Sebuleni

Mzee mzima, unataka kupiga shabaha Jumamosi moja moja, lakini dukani umeulizia upinde wa ncha zilizopinda mbele, tena wa ratili 50. Hongera. Wanaume wa Olimpiki, wanaolenga umbali wa mita 70, wengi wao huvuta uzito wa karibu na huo, baada ya mazoezi ya miaka. Wewe utavuta mara mbili, bega lilie, kisha upinde uwe pambo la ukutani. Anayeanza hutoshwa na ratili 20 hadi 25, kwenye upinde wa kufunguka: nguvu zikiongezeka, unabadili vipande vya juu na chini, mpini unabaki. Wageni hawatashtuka, kweli. Ila mishale itafika.